Herpesi kwenye makohozi ya mgonjwa wa ICU

Pole na kuuguza, dada. Umeuliza kama herpesi iliyoonekana kwenye makohozi ya kaka yako aliipata humo ICU, yaani chumba cha wagonjwa mahututi. Hapana, yaelekea hakuambukizwa humo. Herpesi aina ya 1, virusi vinavyoleta malengelenge ya mdomoni, wengi wetu tuliipata utotoni, na haitoki mwilini. Hujificha kwenye neva za uso. Mwili ukizidiwa na ugonjwa mkali kinga hulegea, virusi huamka mdomoni na kooni, kisha huweza kushuka hadi mapafuni. Kwa aliyekaa siku kadhaa kwenye mashine ya kupumulia, ni jambo la kawaida.

Gumu ni swali lako la pili: mbona hawampi asiklovia, dawa ya virusi hivi? Virusi kuonekana kwenye makohozi si lazima viwe ndivyo vinavyoharibu mapafu. Wafaransa waliijaribu dawa hiyo kwa wagonjwa 238 wa aina hii, matokeo yakatoka 2020. Siku za kupumua bila mashine: 35 kwa waliopewa, 36 kwa wasiopewa. Vifo 22% dhidi ya 33%, tofauti ya kutamanisha kweli, ila kitakwimu haikutosha kuthibitisha. Na dawa yenyewe huweza kuumiza figo. Muulize daktari kama kuna vidonda mdomoni, au kama seli za mapafu zenyewe zimeonyesha dalili za virusi.