Maswali na majibu: pumzi zetu tukiwa usingizini

Usiku mke wangu hupumua taratibu, baadaye pumzi zinakwenda mbiombio bila mpangilio. Ni ugonjwa? (Iringa)

Hapana. Katika usingizi mzito pumzi hupungua na kufuatana vizuri. Ikifika awamu ya ndoto, macho yakichezacheza chini ya kope, mpangilio huvurugika na misuli ya mbavu hulegea. Kazi kubwa hubaki kwa kiwambo, msuli mpana ulio chini ya mapafu. Awamu hiyo hurudi kila baada ya dakika 90 hivi na hurefuka kuelekea alfajiri.

Mume wangu ni dereva wa lori. Anakoroma, ghafla kimya, kisha anashtuka kama aliyekabwa. Mchana anasinzia. (Mafinga)

Dada, hili msilichekee. Koromeo likilegea, ulimi hurudi nyuma na njia ya hewa huziba. Kifua kinahangaika lakini hewa haipiti. Oksijeni ikishuka, ubongo humzindua, huvuta hewa kwa kishindo na kulala tena, asubuhi hakumbuki lolote. Shika saa. Kimya cha sekunde 10 au zaidi, kikijirudia mara 5 au zaidi kwa saa, kinataka daktari. Mrekodi kwa simu, mwende nayo hospitali, na apimwe presha, maana mara nyingi huandamana na tatizo hili. Kwa sasa alale ubavu na aache pombe na dawa za usingizi, kwani hulegeza koromeo zaidi. Kama ana kitambi, kupunguza uzito husaidia sana. Na akisinzia asiguse usukani, sembuse kushuka mteremko mkali wa Kitonga.

Kichanga changu cha wiki tatu hutua kupumua kidogo, kisha huendelea. (Tukuyu)

Kutua kwa sekunde 5 hadi 10 ni kawaida kwa umri huo. Zikifika 20, au midomo ikigeuka bluu, kimbilia hospitali. Ukihisi anapumua haraka, hesabu dakika nzima akiwa ametulia. Ukipata 60 au zaidi, rudia. Ikibaki hivyo, au kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, mpeleke saa hiyohiyo. Mlaze chali, bila mto, blanketi lisifike usoni hata kama baridi ni kali.

Julai tunalala na jiko la mkaa chumbani. Mkaa ukishafunikwa na majivu si salama? (Makete)

Si salama hata kidogo. Mkaa huo bado unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, inayokalia nafasi ya oksijeni kwenye damu. Haimkabi mtu, ndiyo maana aliyelala haamki. Pasheni chumba mlango ukiwa wazi, kisha toeni jiko nje kabla ya kulala. Mkiamka wawili watatu na kichwa kinauma na kichefuchefu, tokeni nje wote, kisha hospitali.