Tiketi za treni mkiwa wawili Ulaya

Umeuliza kama rafiki yako ashike tiketi zenu zote. Hapana, kila mtu awe na yake kwenye simu yake, hata mkilipa pamoja. Mkipotezana stesheni, asiye na tiketi ndiye atakayekwama. Pakueni faili zake mapema, maana intaneti hukatika hasa mnapovuka mpaka.

Jambo linalowaponza wengi ni treni kukatwa njiani. Baadhi ya ICE, yaani treni za kasi za Ujerumani, zinazotoka Berlin kwenda magharibi hutenganishwa katika mji wa Hamm: nusu hupita Wuppertal, nusu Essen. Kwa hiyo msikae popote penye nafasi. Someni namba ya behewa kwenye tiketi, kisha skrini ya mlangoni inayoonyesha mwisho wa safari.

Kama mnabadilisha treni, kateni tiketi moja hadi mwisho wa safari. Mkikata mbili mbalimbali na ya kwanza ikachelewa, ya pili huenda mkainunua upya.

Mmoja akiachwa, aliyetangulia ateremke stesheni ya kubadilishia na asubiri hapohapo. Aliyebaki, kama tiketi yake ni ya treni ile tu, aone kwanza dirisha la tiketi kabla ya kupanda inayofuata.