Maneno adimu ya Kiingereza: maswali yenu

Shikamoo mwalimu. Nimekutana na neno "petrichor" na kamusi yangu haina. Ni nini?

Marahaba. Ni harufu unayoijua tangu utotoni. Ardhi imekauka miezi kadhaa, matone ya kwanza yanapiga vumbi, na kabla hujalowa pua imeshajua kwamba mvua imefika. Wanasayansi wawili waliokuwa wakifanya kazi Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, waliipa jina hilo mwaka 1964. Walieleza kuwa wakati wa ukame mimea hutoa mafuta, udongo na mawe yakayanywa, kisha unyevu ukija harufu yake hupanda hewani. "Petra" ni jiwe kwa Kigiriki. "Ichor" ni umajimaji ambao Wagiriki wa kale walisema hupita katika mishipa ya miungu, mahali pa damu. Sijaona neno la kisayansi lililotungwa kwa upendo kuliko hili.

"Defenestration" je?

Kumtupa mtu nje kupitia dirishani. "Fenestra" ni dirisha kwa Kilatini. Mashuhuri zaidi ni tukio la Prague, mji wa Ulaya ya Kati, Mei 1618: watu watatu walitupwa, wote wakapona, lakini vita vilivyofuata vilidumu miaka 30.

Mwalimu, "serendipity" si bahati tu?

Kuna tofauti. Mwandishi Mwingereza Horace Walpole alilitunga katika barua ya Januari 1754, akikumbuka hadithi ya wana watatu wa mfalme wa Serendip, jina la zamani la Sri Lanka. Vijana hao kila wakisafiri waligundua mambo ambayo hawakuyatafuta, kwa bahati na kwa werevu wao. Wengi hutafsiri "bahati ya mtende". Mimi siridhiki, maana mtende umeota tu jangwani, haukuwa na safari. Neno hili linamtaka mtu aliyetoka kutafuta kimoja, akawa na macho ya kukitambua kingine.

"Monsoon" ni neno la Kihindi?

Hasha. Waingereza walilipata kwa Wareno, waliosema "monção", na Wareno walilipata kwa Waarabu: "mausim". Sasa litamke polepole. Ni msimu! Watu wa pwani yetu hawakuhitaji kulipitishia Lisbon, kwani walikuwa wakiishi nalo: kaskazi ikivuma majahazi yanaingia kutoka Arabuni, kusi ikishika yanatweka matanga kurudi.