Re: Mjomba na video ya "Moneta"

Pole ndugu. Mjomba kutuma kwenye kundi la familia kwamba "Moneta" ni neno la Kiebrania, eti ndiyo siri ya Wayahudi kushika fedha za dunia, kunachosha. Usimjibu hapo mbele ya watoto, mpigie.

Moneta ni jina la Juno, mungu wa kike wa Warumi. Cicero, mwandishi wa Roma ya kale, alilihusisha na monere, kuonya kwa Kilatini. Sarafu za Roma zilifuliwa kwenye hekalu la Juno huyo au karibu nalo, ndiyo maana jina lake likahusishwa na fedha. Mtumie picha ya dinari, sarafu ya Kirumi, ya 46 KK: upande mmoja uso wake na jina MONETA, wa pili nyundo, koleo na fuawe. Mimi picha hiyo ilinisaidia kuliko hoja kumi.

Akianza kuhimiza watu wadhuriwe, hifadhi ujumbe, ripoti polisi.