Joto la Moshi, likizo ya watoto, na chupa niliyomnyima mume wangu

Juzi jioni nilikuwa natoa nguo kambani. Huku kwetu Pasua, Moshi, mwezi huu nguo zinakauka kabla hujamaliza kuanika beseni zima. Simu ikalia, ujumbe wa dada mmoja aliyehamia Moshi mwezi wa kumi kutoka Makambako, kamfuata mumewe kikazi. Nanukuu kwa ruhusa yake: "Dada Mama Happy, naomba msaada. Watoto wamefunga shule, wana harara mgongo mzima, kutwa wanalia joto na lawama zote kwangu, kana kwamba jua nimeliwasha mimi. Baba yao anasema Krismasi twende Ziwa Natron tukabadilishe mawazo. Mkubwa ana miaka sita, mdogo mitatu. Gari letu ni IST. Unaonaje?"

Nilikaa chini na nguo zangu mapajani. Natron, kigari cha chini kama IST, na mtoto wa miaka mitatu.

Dada, nilianza kukujibu kwa mistari miwili nikaona haitoshi. Ngoja nikueleze yaliyonipata, maana sijawahi kuyaandika, na kuna watu wa ukoo wangu wanayoyajua kwa upande mmoja tu.

Miaka minne iliyopita nilikuwa na ugonjwa mmoja: picha. Kila nikifungua simu Desemba naona familia za watu Zanzibar, familia za watu Ngorongoro, watoto wamevaa miwani ya jua. Wangu wako uani wanamwagiana maji ya ndoo na kugombania kivuli cha mwembe wa jirani. Nikamwambia Baba Happy mwaka huu na sisi tunatoka. Yeye akapendekeza Marangu kwa mama yake kama kawaida. Nikasema Marangu si kutoka, ni kurudi. Niliposema Natron hakubisha, kwa sababu na yeye alikuwa anautamani Mlima Ol Doinyo Lengai, ule wa volkano ulio jirani na Natron, tangu aliposikia habari za mlipuko wake wa 2007.

Tuliondoka Moshi saa mbili asubuhi. Uandike huo muda pembeni, tutaurudia. Arusha tukafika saa nne, tukakaa kula chipsi mayai kama watu wasio na haraka. Makuyuni, kisha Mto wa Mbu, watoto wakataka ndizi nyekundu, tukasimama tena. Tulipokunja kulia kuishika njia ya Engaruka ilikuwa saa saba na nusu mchana. Noah yetu feni ya ubaridi ilishakufa zamani. Ukifunga vioo unachemka, ukifungua unakula vumbi. Tukawa tunafungua na kufunga, kufungua na kufunga, na mimi naimba nyimbo za Krismasi ili kuwachangamsha watu.

Maji tuliyobeba? Lita sita. Watu watano. Na kreti ya soda ambazo kufikia saa nane zilikuwa za moto kama chai ya msibani.

Kule chini si kama huku kwetu. Moshi iko kwenye mita mia nane na kitu kutoka usawa wa bahari, Arusha kama 1,400, ndiyo maana mtu wa Arusha akishuka Moshi anaanza kujipepea stendi. Natron ni kama 600, ndani ya bonde la ufa, na mawingu yanayotokea upande wa bahari huishia kwenye nyanda za juu kabla hayajafika huko. Unaona nyasi kavu, migunga, halafu hata migunga inakuwa ya kuhesabu. Ni kama jangwa, ila jina hilo tumewaachia watu wa Sahara.

Tulipoipita Engaruka mshale wa joto ukaanza kupanda. Baba Happy aliuona, mimi niliuona, hakuna aliyesema kitu. Fundi alishatuambia wiki moja kabla kwamba mpira wa rejeta umechoka, tukasema tukirudi. Haukusubiri turudi. Mvuke ukatoka, gari likanyamaza, na ukimya wa kule, dada, una sauti yake.

Mwanangu Baraka alikuwa na miaka miwili na miezi minane. Alikuwa ameacha kulia. Mtoto anayelia kwa joto bado ana nguvu, anayenyamaza ndiye wa kuogopa, hilo nililijua siku ile. Midomo ilikuwa imekauka ina vigamba vyeupe pembeni, na nepi niliyomvalisha Mto wa Mbu ilikuwa kavu vilevile. Tulibakiwa na chupa moja, lita moja na nusu, imeshanyweka robo.

Baba Happy alifungua boneti, akasubiri mvuke upungue, akarudi dirishani na kunyoosha mkono. "Nipe hayo maji, niongeze kwenye rejeta tusogee." Alikuwa na hoja. Gari likitembea tunafika kwenye watu. Mimi nikaiweka ile chupa katikati ya mapaja nikaibana. Hakunifokea. Aliuacha mkono wake pale dirishani muda mrefu, kiganja kimejaa grisi, halafu akaurudisha taratibu. Nikaanza kumnywesha Baraka kwa kifuniko. Kifuniko kimoja, nasubiri, kifuniko kingine. Happy na Eliya, wakubwa zake, wanahesabu. Walifika hamsini na nane.

Walitukuta vijana wawili wa Kimaasai wenye mbuzi, wakatuonyesha mgunga wenye kivuli kizuri kuliko tuliokuwa chini yake, wakakaa na sisi. Hatukuwa na lugha ya kutosha lakini walikaa. Baada ya saa nzima na zaidi ikaja Land Cruiser ya watalii. Dereva akashusha dumu la lita ishirini, akafunga ule mpira kwa kipande cha tyubu kama mtu anayefunga kifurushi cha samaki, akamwangalia mume wangu, akamwangalia na mtoto. "Bosi," akasema, "huku tunapita alfajiri."

Maneno matatu tu. Yalinichoma kuliko jua.

Sasa niwe mkweli, maana nisije nikaisingizia Natron. Tulifika kijiji cha Engare Sero jioni, tukalala kwa shida, upepo wa moto usiku kucha. Lakini saa kumi na mbili asubuhi mwenyeji wa kijijini akatupeleka ziwani na watoto wangu wakaona kitu ambacho hadi leo wanakisimulia: heroe, flamingo kama wengi tunavyowaita, hawahesabiki, ukingo wote wa ziwa wa waridi. Akatueleza kwamba heroe wadogo wa Afrika Mashariki huja kuzaa hapo, kwa sababu maji yale ya magadi makali adui wengi hawayawezi. Eliya alitaka kuhakikisha. Alikuwa na mchubuko gotini, akaingiza mguu. Kelele alizopiga ziliwarusha ndege wa upande ule wote. Mguu ulipokauka ukabaki na ukoko mweupe wa magadi kama kauvaa soksi.

Saa tatu tayari ardhi ilikuwa inaunguza kupitia ndala. Tukaenda korongoni kwenye maporomoko ya Engare Sero, unatembea ndani ya kijito, kuta za mwamba zinakupa kivuli, maji baridi yanakupiga kifuani. Hapo ndipo nilipowasikia wanangu wakicheka kwa mara ya kwanza tangu Moshi. Kwa hiyo katika safari ya siku tatu, furaha yote ilikuwa asubuhi mapema na kwenye maji. Ningeweza kuipata hiyo bila kumkausha mtoto njiani.

Jumapili yake tukapanda Marangu. Nikasimulia mwenyewe, tena kwa kuchekesha. Wifi yangu hakucheka. Akasema mbele ya mama mkwe, mbele ya wake wengine wa ukoo, mkono umeshika sinia la kiburu, kile chakula cha ndizi na maharage: "Wifi, utakuja kuua watoto wa kaka yangu kwa ajili ya picha za stetasi." Akaendelea kugawa chakula. Hakuna aliyemkemea. Mimi nilikula, nikaosha vyombo, nikaenda kulia migombani. Aliyosema yalikuwa kweli kwa kiasi gani, tuliache. Kuna namna ya kumwambia mtu kweli.

Ila ile siku ndiyo iliyonibadilisha, na leo (najisifu, niruhusuni) hakuna mama Pasua nzima anayenishinda kuendesha likizo ya joto. Watoto wa jirani wanakuja kugonga geti saa kumi na mbili.

Ndiyo, saa kumi na mbili. Amsheni watoto mapema. Likizo siyo kulala hadi saa nne, kwa sababu ukiamka saa nne umeamkia tanuri. Sisi kwetu saa kumi na mbili na robo wote wako nje wanatafuta mlima. Desemba na Januari Kilimanjaro huonekana alfajiri, ikifika saa tatu au nne mawingu yamefunika. Wa kwanza kumwona Kibo anachagua mchezo wa asubuhi. Rede, kombolela, kuendesha baiskeli hadi msitu wa Rau kuwatafuta mbega juu ya mivule, chochote, mradi ifikapo saa nne na nusu kila mtu yuko ndani. Kuanzia hapo hadi saa kumi mchezo ni wa kivulini: bao, mdako, kulala. Dirisha lenye upepo nalitundikia kanga iliyoloweshwa. Barafu za ukwaju na za ubuyu wanatengeneza wenyewe kwenye vikombe, Happy ndiye meneja. Na beseni kubwa la kufulia liko uani chini ya mwembe, anayetaka aingie na nguo zake.

Maji ya kunywa usisubiri waombe. Mtoto anayecheza hasikii kiu. Ukiona mkojo umekuwa wa njano iliyokolea, umeshachelewa. Kama mtu ametapika au ameharisha, lita moja ya maji safi na salama, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, unanywesha kidogo kidogo. Akilegea au akinyamaza kama Baraka wangu, hospitali, usimsikilize mtu. Hiyo harara, dada, acha kuwapaka mafuta ya mgando, yanaziba jasho. Waogeshe maji ya kawaida, gauni pana la pamba, imetosha.

Mkitaka kutoka, tokeni. Chemka mnaijua, unakunja Boma Ng'ombe, njia ina vumbi lakini mwisho wake ni maji yale ya kijani-buluu yanayobubujika chini ya mikuyu. Watu wanafikiri kwa jina hilo yanaunguza, wala, ni vuguvugu. Nendeni katikati ya wiki, mfike saa mbili. Ukienda siku ya pili ya Krismasi mchana utaogelea kwenye migongo ya watu. Na kina chake ni kirefu. Mtoto asiyejua kuogelea avae boya na wewe uwe naye majini, siyo ukingoni na simu. Nimewaona akina mama wanapiga video mtoto anakunywa maji. Jamani! Tumezaa ili tuwaangalie au ili watu watuangalie?

Na juu ya yote, pandeni mlimani. Hapa ndipo nilipokuwa mjinga wa kweli. Ukipanda mita 1,000, joto linapungua kama nyuzi sita, na hiyo kwetu ni nauli ya Hiace tu hadi Himo, kisha juu Marangu. Mume wangu alilisema hili tangu mwanzo nikamwambia si kutoka. Siku hizi wanangu wanakaa kwa bibi yao wiki tatu. Asubuhi wanakata majani ya ng'ombe, mchana wanachonga magari ya migomba, wanaziba mfongo, mfereji wa maji ya mashambani, kwa matope hadi jirani wa chini anakuja kuuliza maji yake yako wapi. Wanakula mtori, usiku wanavuta blanketi. Baraka ana miaka sita sasa, anayajua majina ya ndizi kuliko mimi. Kama huna kihamba, yaani shamba la ukoo huko mlimani, wala mkwe, panda Materuni asubuhi urudi jioni, maporomoko yale yanakurushia ubaridi kabla hujayaona.

Mwambie Baba watoto Natron ipo, haihami. Wakifika miaka kumi nendeni, mwezi wa sita au wa saba, na gari la juu, na maji lita tano kwa kila kichwa kwa siku na dumu la gari mbali. Sisi tulilipa mageti zaidi ya moja njiani, nendeni na akiba. Na mpite alfajiri.

Jumatano tunakwenda Chemka, nafasi mbili zipo kwenye gari. Tunaondoka saa kumi na mbili na nusu kamili, simsubiri mtu.

Zilikuwa nafasi nne. Mbili nimezishikilia kwa sababu wiki iliyopita wifi aliniandikia: "Wifi, nasikia mnaendaga Chemka, unaweza kuwachukua na hawa wangu?" Ameshaona tiki za buluu. Watoto wake nitawachukua, hawana kosa. Kumjibu ndiyo bado. Kila nikishika simu naliona lile sinia.