Maswali ya Wasomaji: Nani Amebandua Gome?

SWALI: Mti wangu wa matunda, mwaka wa tatu tangu kuupanda, umebanduka gome karibu na ardhi. Kidonda kina urefu wa kama sentimita 20 na kinazunguka zaidi ya nusu ya shina. Mchwa wamejenga hapo. Je, ni wao, ni panya, au ni ugonjwa? Nipulize dawa gani?

JIBU: Dawa ikae kwanza. Mchwa wengi hupendelea gome na mbao zilizokwisha kufa, hivyo mara nyingi hufika baada ya mharibifu mwenyewe kuondoka. Kwangua udongo wao taratibu uone mbao iliyo chini.

Chukua rula na tochi. Tochi ilaze kando ya shina ili mwanga upite juu ya kidonda na mikwaruzo ionekane kwa vivuli vyake. Ukimulika moja kwa moja hutaona kitu. Panya huacha vijifereji vifupi, viwili viwili, kila kimoja upana wa milimita 1 hadi 2, vimeelekea huku na huku. Alama za sungura ni pana zaidi, na vitawi vya chini utavikuta vimekatwa mshazari kama kwa kisu. Mbuzi, ng'ombe na swala hawana meno ya mbele juu, kwa hiyo hushika gome na kulivuta: linachanika vipande virefu kwenda juu, na vitawi huachwa na nyuzinyuzi. Kimo cha kidonda ni ushahidi dhaifu ukiwa peke yake. Sungura akisimama hufika kama sentimita 60, lakini panya hupanda mti.

Ugonjwa hauna meno. Gome linabaki mahali pake, linabonyea, linapasuka pembezoni, pengine na gundi ikitoka. Kata kipande chembamba ukingoni: penye uhai ni pabichi na peupe au kijani, penye ugonjwa ni kahawia. Kwenye michungwa na jamaa zake, gundi inayoanzia usawa wa udongo kwa kawaida ni ugonjwa wa kuoza kwa shina unaochochewa na maji kutuama. Hapo fukua udongo uliolifunika shina na urekebishe mifereji.

Ukiona meno, safisha ukingo kwa kisu kikali mpaka kwenye gome hai, kisha uache wazi. Rangi na lami haziponyeshi, na zinaweza kufungia unyevu ndani. Sogeza matandazo sentimita 15 kutoka kwenye shina, maana panya hujificha humo. Zungushia wavu wa waya wenye matundu ya milimita 6, kimo cha sentimita 60, uzikwe sentimita 5 hadi 10, usiguse shina.

Kama kidonda kingelizunguka shina lote, mizizi ingekosa chakula kutoka kwenye majani, na mti ungekufa polepole huku juu ukiwa bado wa kijani. Ndiyo maana wengi huchelewa kushtuka. Tiba yake ni daraja. Kata vikonyo, yaani vitawi vya kupandikizia, vya unene wa penseli kutoka mti huohuo, virefu kidogo kuliko kidonda, uvichomeke chini ya gome hai juu na chini, kimoja kila sentimita 5 hadi 7, vikipinda kidogo kwa nje ili upepo ukiutikisa mti visichomoke. Fanya hivyo wakati gome linabanduka kwa urahisi. Kosa la kawaida ni kupindua kikonyo: ncha iliyokuwa juu mtini lazima ibaki juu.

SWALI: Shina lina matundu madogo na unga kama wa msumeno. Gome halijabanduka.

JIBU: Hao ni bungua, wadudu wanaotoboa mbao. Fagia unga wote, urudi baada ya siku mbili. Unga mpya maana yake funza yu hai ndani. Ingiza waya laini mpaka umguse. Kama hakuna unga mpya na tundu ni kavu, huenda mdudu amekwisha toka, na dawa utakayomimina humo itakuwa ya bure.