Jibu: Shira ya maua ya holunda kukosa harufu

Pole sana, dada. Umesema uliyaosha vizuri maua ya holunda (kichaka cha Ulaya chenye vishada vya maua madogo meupe, Sambucus nigra) kabla ya kuyaloweka, na shira ikatoka tamu tu, haina harufu. Tatizo liko hapo hapo kwenye kuosha. Harufu ya holunda imo zaidi kwenye ile chavua ya manjano, na maji huiondoa. Huku Ujerumani mimi huchuma mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, siku kavu, umande ukishakauka, kisha nakung'uta vishada taratibu wadudu watoke. Basi, siyaoshi kabisa.

Kwa vishada 20 chemsha maji lita 1 na sukari kilo 1, acha ipoe, tia maua, malimau 2 ya vipande na asidi ya sitriki gramu 25. Funika siku 2 mahali pa baridi, chuja kwa kitambaa, chemsha tena, mimina ingali moto kwenye chupa zilizochemshwa.

Vikonyo vinene vya kijani vikate, vina sumu. Na tafadhali, chuma kwenye kichaka chenye matawi magumu ya mti. Jamaa yake, Sambucus ebulus, ana sumu: mashina yake ni laini kama ya magugu, yanatoka moja kwa moja ardhini. Ukiwa na shaka, usichume.